Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mwanamke, Cheo na Kushikana Mikono Kazini

Maswali haya nimeulizwa mara nyingi sana, mengine kwenye korido baada ya kikao, mengine usiku kwa ujumbe mrefu unaoanza na "samahani kwa usumbufu". Nimeona niyajibu mahali pamoja. Ninajibu kama mtu aliyekaa miaka mingi chini ya mabosi, kisha akawa bosi mwenyewe, na aliyekosea pande zote mbili.

Sijawahi kusimamia hata mtu mmoja. Nianzie wapi?

Anzia kwenye usimamizi wa kwanza unaopatikana, hata uwe wa watu wawili. Tunazungumza sana habari za dari la kioo, yaani kizuizi kisichoonekana kinachomzuia mwanamke asifike juu, msemo ambao Mmarekani Marilyn Loden aliutumia mwaka 1978 katika mjadala jijini New York, na tunasahau kwamba wengi wetu hata hilo dari hatulifikii. Tunakwama kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi. Utafiti ambao kampuni ya ushauri ya McKinsey na shirika la LeanIn linalotetea wanawake kazini huufanya kila mwaka katika kampuni za Marekani na Kanada ulionyesha mwaka 2024 kwamba kwa kila wanaume 100 waliopandishwa kwa mara ya kwanza kuwa mameneja, wanawake walikuwa 81. Pengo hilo haliji kuzibika huko juu, kwa sababu wakuu wa idara huchaguliwa kutoka kwa mameneja, na wakurugenzi kutoka kwa wakuu wa idara. Waliopungua chini wamepungua mpaka juu.

Kwa hiyo omba kusimamia zamu, au vijana waliokuja kujifunza kazi, au mradi mdogo wenye bajeti yake. Usisubiri cheo ndipo ujifunze kumwambia mtu mzima kwamba kazi yake haijakamilika. Kisha andika kwenye wasifu wako ulichofanya kwa namna inayopimika: ulisimamia wangapi, kwa muda gani, kazi iliishaje. "Nilishiriki katika mradi" ni sentensi isiyomsaidia mtu yeyote.

Jambo lingine ambalo huwa tunaambiwa tumechelewa: angalia idara uliyopo. Taasisi nyingi huwatoa viongozi wao wa juu kwenye idara zinazoingiza pesa au zinazoendesha shughuli yenyewe, na wanawake wengi tumejazana kwenye utumishi, mawasiliano na huduma. Ni kazi za heshima. Lakini kama shabaha yako ni kiti cha juu kabisa, pitia mahali ambapo utajulikana kwa tarakimu zako, hata kwa miaka miwili.

Kila nikiomba kupandishwa naambiwa "bado kidogo". Bado nini?

Hilo ndilo hasa swali la kuwauliza. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kupandisha watu vyeo. Majina matano yaliandikwa ubaoni, wanaume watatu na wanawake wawili. Kwa kila mwanaume mtu alianza kusema: huyu aliokoa ule mkataba, yule ana njaa ya kazi, huyu mwingine hajakomaa lakini atakomaa akipewa nafasi. Tulipofika kwa mwanamke wa kwanza, mwenyekiti akasema, "Yeye mzuri, ila bado kidogo." Wote wakatikisa vichwa. Kalamu ilikuwa imeshaanza kushuka kwenda jina linalofuata nilipouliza, "Bado nini?" Kimya. Hakuna aliyekuwa na jibu. Nakiri kwamba vikao viwili kabla ya hicho mimi mwenyewe nilitikisa kichwa na wenzangu.

Ukiambiwa hivyo ana kwa ana, usiondoke bila vitu vitatu: ni kipi hasa kimepungua, kitapimwaje, na tutakutana lini kukipima. Siku hiyohiyo mwandikie bosi barua pepe fupi: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba nahitaji hiki na hiki, na kwamba tutaonana tena mwezi wa sita." Usiweke lawama ndani yake. Mwezi wa sita ukifika, ifungue mbele yake. Bosi mwenye sababu ataona umejipanga. Asiye na sababu atababaika, na hapo utakuwa umejua kwamba ni wakati wa kutafuta kazi kwingine.

Mshauri na mpiga debe wana tofauti gani? Si wote wanasaidia?

Wote wanasaidia, ila mshauri anazungumza na wewe, na mpiga debe anazungumza juu yako ukiwa haupo. Wanawake wengi wana washauri hadi wa kugawa. Wanaambiwa wajiamini, wavae vipi, wasome kozi gani. Mtafiti Herminia Ibarra na wenzake waliandika mwaka 2010 kwamba wanawake waliowafuatilia walikuwa na washauri wengi kama wanaume au zaidi, na bado wanaume ndio waliopandishwa zaidi. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuweka jina lake rehani kwa ajili yao.

Mpiga debe haombwi kwa barua. Hakuna bosi atakayekubali kukutetea kwa sababu umemwandikia "naomba uwe mpiga debe wangu". Anapatikana kwa kuona kazi yako kwa macho yake. Tafuta mtu mwenye kauli katika vikao usivyoingia, kisha fanya naye jambo moja lililokamilika: ripoti yake, mradi wake, ile shida inayomkosesha usingizi. Baada ya hapo mwambie wazi unataka nini. Hapa ndipo wengi wetu tunapotia aibu isiyo na maana. Mtu hawezi kulitaja jina lako kwenye nafasi asiyojua kwamba unaitaka. Sema, "Nafasi ya mkuu wa kitengo itatangazwa mwakani, nami nitaiomba. Ungenishauri nini, na je, ungekuwa tayari kuniunga mkono?" Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye kazi.

Awe mwanamke au mwanaume? Yeyote mwenye kauli. Lakini usikose pia kundi dogo la wanawake wa karibu. Utafiti wa Yang Yang, Nitesh Chawla na Brian Uzzi uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia wahitimu wa shahada ya uzamili ya biashara, ulikuta kwamba wanawake waliopata nafasi za juu zaidi walikuwa wanafahamiana na watu wengi na wakati huohuo walikuwa na kundi la ndani lenye wanawake wengi. Wanaume hawakuhitaji hilo kundi. Ninavyoelewa mimi ni kwamba kuna taarifa ambazo mwanaume huzipata bila kuuliza: bosi gani ana maneno, idara gani inawabana wazazi, mshahara halisi ni kiasi gani.

Kila kikao naandika muhtasari mimi. Nikikataa nitaonekana jeuri?

Hili lina uchambuzi wake. Linda Babcock, Maria Recalde, Lise Vesterlund na Laurie Weingart walichapisha mwaka 2017 majaribio yao kuhusu kazi ambazo lazima mtu azifanye lakini hazimpandishi yeyote. Waliwaweka watu katika vikundi vya watatu, wakawapa dakika 2, na mmoja alitakiwa ajitolee kubonyeza kitufe. Wote walinufaika, ila aliyebonyeza alipata kidogo kuliko wenzake. Katika vikundi vilivyochanganyika, wanawake walijitolea kwa asilimia 48 zaidi ya wanaume. Sasa sikia hili: vikundi vilipokuwa vya wanaume watupu, walijitolea sawasawa na vile vya wanawake watupu. Kumbe wanaume wanajua kabisa kubonyeza. Wakituona chumbani wanasubiri.

Ndiyo maana simshauri mtu akatae kwa ukali. Kukataa peke yako kunakugharimu, na kazi itahamia kwa dada mwingine aliyekaa kando yako. Pendekeza zamu: "Naona nimeandika mihtasari minne mfululizo. Tuweke orodha, kila mmoja wiki yake." Liseme mwanzo wa kikao, kabla ya ajenda ya kwanza. Ukilisubirisha mpaka kwenye "mengineyo" watu watakuwa wameshika mikoba. Vivyo hivyo kwa michango ya kumuaga anayestaafu, kadi za pole na kutafuta ukumbi. Na kama wewe ndiye bosi, usiulize "nani atajitolea?" Taja jina, na kila mara taja jingine.

Nimekaimu nafasi kwa muda mrefu. Nivumilie?

Ukaimu una raha yake ya mwezi wa kwanza. Baada ya hapo unabeba mzigo wa cheo kwa mshahara wa zamani, na lawama zote ni zako. Soma kanuni za utumishi za mwajiri wako. Nyingi zinaweka ukomo wa kukaimu na posho yake. Omba tarehe kwa maandishi. Usipoiomba, watazoea.

Nimepewa idara inayozama. Ni heshima au mtego?

Inaweza kuwa vyote viwili. Michelle Ryan na Alexander Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter waliandika mwaka 2005 kuhusu kampuni za Uingereza zilizoteua wanawake kwenye bodi wakati mambo yalikuwa tayari yameharibika. Hali hiyo waliifananisha na kusimamishwa ukingoni mwa jabali la kioo: umepanda, ndiyo, lakini hatua moja tu na umeteleza.

Usikimbie moja kwa moja. Kuna watu waliojenga jina kwenye idara zilizokuwa zimezikwa. Ila kabla ya kusaini, uliza: bajeti ni yangu au ya mtu mwingine? Naweza kuajiri na kuondoa? Mnanipa muda gani kabla ya kunihukumu? Aliyetoka ametoka kwa nini? Na siku ya makabidhiano andika hali halisi ya idara, madeni, kesi, kazi zilizochelewa, kisha isainiwe na pande zote. Miezi kumi baadaye watu huwa wepesi wa kusahau shimo lilichimbwa na nani.

Mwenzangu wa kiume akifoka anaitwa mwenye msimamo. Mimi nikisema kwa sauti ya kawaida nina mdomo. Nifanyeje?

Hujawaza vibaya. Mwaka 2014 Kieran Snyder alikusanya tathmini za utendaji kutoka kampuni za teknolojia na kuzisoma moja moja. Katika tathmini 94 za wanawake zilizokuwa na ukosoaji, 71 zilikosoa tabia ya mtu: mkali, anahukumu, apunguze sauti. Kwa wanaume, tathmini kama hizo zilikuwa 2 kati ya 83. Wengine waliambiwa tu wakaongeze ujuzi fulani.

Sitakuambia ulegeze sauti. Nitakuambia uombe mfano. "Umeandika kwamba mimi ni mkali. Ni kikao gani, nilisema nini, na kazi iliathirika vipi?" Pengine utapewa mfano wa kweli, maana nasi hukosea, mimi niliwahi kumwaibisha kijana mbele ya wenzake, na aliyeniambia alinisaidia sana. Pengine mfano hautakuwepo, na neno litafutwa.

Niombe nyongeza ya mshahara vipi bila kuchukiwa?

Hatari ipo. Hannah Riley Bowles, Linda Babcock na Lei Lai walionyesha mwaka 2007 kwamba wanaume waliopewa kazi ya kumpima mwombaji walimshusha zaidi mwanamke aliyedai malipo zaidi kuliko mwanaume aliyefanya hivyohivyo. Omba tu, ila jiandae: jua wenzako wa ngazi yako wanalipwa kiasi gani, leta matokeo ya mwaka, taja tarakimu moja, kisha nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo tunapoharibu. Tunataja tarakimu, halafu tunaipunguza wenyewe kabla bosi hajafungua mdomo.

Nina mimba. Cheo changu ndiyo basi?

Hapana, lakini usiiache bahati ikuamulie. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba siku hizi sehemu kubwa ya tofauti ya kipato kati ya mwanamke na mwanaume wenye elimu na kazi zinazofanana hujitokeza baada ya mtoto wa kwanza. Kazi zinazolipa vizuri zaidi huwa zinataka mtu wa kupatikana saa zote, na nyumbani mmoja lazima apatikane kwa mtoto.

Kabla ya likizo andika makabidhiano yenye majina: nani anashika nini, na nini kinakusubiri. Kubaliana na bosi nani atakusemea kwenye tathmini ukiwa haupo. Ukirudi, omba kazi ya uzito uleule uliouacha. Ujue pia haki zako. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, ingawa si kila nchi imeuridhia.

Na wewe uliye bosi: safari ya kikazi ikitokea, usiseme "tusimsumbue, ana mtoto mchanga". Nimelisikia likisemwa kwa upendo kabisa, na nimeona linavyomnyima mtu mwaka mzima wa kupanda. Muulize mwenyewe. Akikataa ni uamuzi wake, na mwezi ujao muulize tena.

Wanasema nimebebwa, na wengine wanasema mabaya zaidi.

Watasema. Mwanamke akipanda, maelezo rahisi kuliko yote ni kitanda au huruma. Usizunguke ofisi ukijitetea. Majungu hunenepa kwa kujibiwa. Mweke wazi bosi wako, hifadhi barua ya uteuzi na matokeo ya usaili, kisha fanya kazi ya miezi mitatu ya kwanza ionekane. Lakini kama kuna mtu anayetaka ngono ili akupe cheo, hilo si jungu. Hifadhi ujumbe, andika tarehe, mwambie mtu unayemwamini, ripoti. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2021, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, na unawalinda hata wanaotafuta kazi na wanaojifunza.

Ni kweli kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke?

Msemo huu unaniudhi, ila sitaukwepa. Bosi mwanamke anayewabana wanawake wenzake yupo. Nimefanya kazi chini yake. Aliniambia, "Mimi hakuna aliyenishika mkono, na wewe utafika." Watafiti wa Marekani walimpa jina la malkia wa nyuki tangu mwaka 1974. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Belle Derks na wenzake, zimeonyesha kwamba tabia hiyo hutokea zaidi mahali ambapo mwanamke amepanda huku jinsia yake ikichukuliwa kama dosari. Anajitenga na kundi linalodharauliwa ili asidharauliwe nalo. Kiti kikiwa kimoja, anayekikalia atakilinda kwa viwiko.

Wanaume wawili wakigombania cheo tunasema ni ushindani. Hakuna aliyewahi kusema adui wa mwanaume ni mwanaume, na hao ndio wamechimbana miaka yote.

Sasa mimi ndiye kiongozi. Nawainuaje wengine bila kuambiwa napendelea?

Weka vigezo kabla ya kuona majina. Wote waulizwe maswali yaleyale kwenye usaili. Orodha ya mwisho ikiwa na mwanamke mmoja tu, irudishe watafute zaidi.

Vikaoni, shika utaratibu ambao wanawake waliokuwa wakifanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Obama waliufanya, na gazeti la Washington Post likaueleza mwaka 2016. Mmoja akitoa wazo muhimu, mwingine alilirudia akimtaja aliyelitoa. Halikuweza kumezwa wala kuibiwa. Sentensi yenyewe ni fupi, na ukimtaja mtu kwa jina lake kamili na cheo chake hata mgeni atajua nani kasema. Gharama yake ni sekunde tano, na bado siku nyingi husahaulika, hata na mimi.

Kisha peleka mtu mahali pako. Ukialikwa kikao cha bodi kueleza ripoti aliyoiandika mwingine, mpeleke mwandishi wake aieleze, wewe ukae pembeni. Siku ya kwanza atatetemeka. Mkurugenzi akimwuliza swali gumu, usilidake.

Na ukweli mwingine: usimpigie debe usiyemwamini kwa sababu tu ni mwanamke. Akianguka, jina lako litaanguka naye, na anayefuata ndiye atakayefungiwa mlango.

Wanaume wa ofisini wana nafasi gani katika haya?

Kubwa, kwa sababu mara nyingi kalamu iko mikononi mwao. Wakishika zamu ya muhtasari, tutakuwa tumeanza.

Niliyemsaidia amekuwa bosi wangu. Ninaumia, na ninaona aibu kuumia.

Umia. Wewe ni mtu. Mimi yalinipata: binti niliyemfundisha hadi namna ya kupanga faili aliteuliwa kwenye nafasi ambayo nami niliiomba. Wiki nzima nilimpongeza kwa meno. Alinifuata ofisini, akafunga mlango, akasema, "Dada, sijui nikuiteje mbele za watu." Nikamwambia aniite kwa cheo changu nami nitamwita kwa chake, na humu ndani tutaitana tulivyozoea. Kisha nikamwomba anieleze kwa nini nimekosa, kama alikuwa anajua. Alikuwa anajua. Walisema nakaribia kustaafu, jambo ambalo lilikuwa limebakiza miaka tisa.

Kikao chake cha kwanza alikuja na orodha ya zamu ya muhtasari. Jina la juu kabisa lilikuwa lake mwenyewe.